Salamu Kila Zamu

Wewe uliyenikuta njiani, habari yangu kwa ufupi ni hii. Mke wangu yuko kwao. Aliondoka na sanduku moja na bila neno, na mkosaji ni mimi.

Simu yake ililia akiwa anaoga. Alikuwa bosi wake wa maabara, anauliza kama atakubali kupandishwa awe mkuu wa kitengo. Nikapokea mimi. Nikajibu mimi. Nikamwambia yule bosi, bila hata kugonga mlango wa bafu, kwamba hataweza, kazi alizonazo tayari zimemzidi. Mke wangu alipotoka na taulo kichwani nikamsimulia kwa furaha, kama mtu aliyemtoa mwenzake mwiba.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika.

Tangu hapo yuko kwa mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata akikaa peke yake chumba kinanyamaza. Mama huyo amevunjika mguu, yuko kwenye plasta, na simu zangu hapokei. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mke wangu aliwahi kunidokezea huku akicheka: mama yake anacheza mchezo wa karata wa kwenye simu, unaitwa Ngome, na humo ndani anajiita Kengele ya Mwisho. Wiki iliyopita, hapa hapa gazetini, niliwaacha pale nilipoapa kujifunza mchezo huo ili nimfikie kwa mlango wa nyuma. Wapo walioniandikia kwamba nimechanganyikiwa. Sikatai.

Basi ikafika Jumamosi. Mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe wake wa kwanza tangu mkosi ulipoanza, na haukuwa mrefu. Nifike alasiri tuzungumze. Tukimaliza, atasema kama mwanawe anarudi kwangu au anabaki.

Mimi ni fundi miwani. Karakana yangu ni chumba kimoja chenye mashine ya kusagia lenzi, kabati la fremu na kioo cha wateja kujitazama. Ukuta wa pili ni wa fundi simu, mwanamke tunayemwita Betri kwa sababu maneno hayamwishii. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa Ngome, na asubuhi hiyo alikuja na kiti chake akakaa mbele yangu kama anayemwandaa mtu kwa mtihani.

"Nieleze ulichojifunza," akasema.

Nikamweleza. Kila mchezaji ana ngome yake, na ngome ina uhai; uhai ukiisha, umekwisha. Una kifurushi cha kadi ulizokusanya mwenyewe kidogo kidogo, na ni nadra wawili wawe na kifurushi kimoja. Kadi nyingine ni askari, unawasimamisha uwanjani wakulinde na wakupigie. Nyingine ni miujiza, inatokea mara moja na kupotea. Kila kadi ina bei yake ya nguvu. Zamu ya kwanza unapewa nguvu moja, ya pili mbili, hivyo hivyo mpaka kumi.

"Ndiyo maana?"

"Ndiyo maana ukijaza kifurushi kadi kubwa tupu, unakufa umeshika mali mkononi."

"Vizuri. Hebu nione kifurushi chako."

Hapo nikaanza kukohoa. Mchezo huo unakuruhusu kuvunja kadi usizozitaka upate vumbi, na vumbi hilo ukilikusanya unaunda kadi unayoitamani. Jana yake nilikuwa nimetamani. Nilivunja askari wangu wadogo karibu wote nikaunda Gharika, muujiza wa nguvu kumi, unaofagia kila aliyesimama uwanjani, wako na wa mwenzako. Kadi ile inang'aa, na mawimbi yake yanasogea ukiinamisha simu.

Betri aliitazama, akanitazama na mimi.

"Umeuza matofali ukanunua bati," akasema. "Sasa utaliezeka wapi?"

Alinijazia mapengo kwa askari wa bure, wale wanaopewa kila anayejiandikisha, vikaragosi vyenye mikuki mifupi. Akaniambia neno moja na kulirudia mpaka nikalisema naye. Kadi nzuri mkononi haiozi. Si lazima utumie kila ulicho nacho kila zamu. Papara yangu, alisema, ndiyo itakayoniua, na mwenyewe akaongeza kwamba haongelei karata peke yake.

Kuhusu kuongea, humo ndani huongei. Kuna vitufe sita tu: Salamu, Asante, Hongera, Samahani, Loo, na Kazi kwako. Betri alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunieleza vitufe hivyo pale mteja alipoingia na simu iliyotumbukia kwenye ndoo, inachuruzika maji. Akaruka na kiti chake.

"Hivyo vingine utavielewa mwenyewe," akasema. "Si maneno ya kawaida tu."

Laiti angechelewa kidogo yule mteja.

Mama mkwe, ualimu haujamtoka. Kila Jumamosi asubuhi hufungua chumba humo mchezoni, Darasa la Kengele, mwanafunzi yeyote mgeni anabisha hodi na yeye anamchezesha kwa mkono mwepesi, amwonyeshe njia. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nibishe hodi, nifundishwe, nishindwe kwa heshima, kisha alasiri nikifika kwake nimwambie, mama, yule mwanafunzi wako wa asubuhi ni mimi. Nimeingia darasani kwako ili nijifunze kusubiri. Niliona kabisa akitabasamu. Mke wangu nilimwona akifungasha.

Jina nililojipa ni Mgeni Njoo. Nikabisha hodi. Mlango ukafunguka.

Upande wa pili wa kioo kile alikuwa mama aliyemzaa mke wangu, mtu ambaye ana kwa ana sijawahi hata kukunja nne mbele yake. Nikabonyeza Salamu. Akarudisha Salamu. Moyo ukatulia kidogo.

Zamu yangu ya pili ikafika. Nina askari wa kuweka. Sasa mtu utamwekea mama mkwe mwenye mkuki mbele ya mlango wake bila kumsalimu? Nilikolelewa mimi, ukitoka nje ukarudi unasalimu, ukimkuta mkubwa palepale ulipomwacha unasalimu. Nikabonyeza Salamu, kisha nikaweka askari.

Hakuitikia. Nikadhani hajasikia, nikabonyeza tena.

Tukaendelea hivyo. Kila zamu nilianza na salamu. Aliponipiga ngome yangu nilibonyeza Asante, kwa kuwa mwalimu akikurudi unamshukuru. Nilipompiga yeye nilibonyeza Samahani, na moyoni nilimaanisha. Niliona mchezo wake unabadilika. Mwanzoni alikuwa anangoja, ananiachia nafasi, kama mtu anayemshika mtoto mkono kuvuka barabara. Sasa alikuwa anapiga bila kupumua, askari juu ya askari, wale wenye majina ya kutisha, na uhai wangu ukashuka mpaka nikauona mwisho wake. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwalimu, hampendi mvivu.

Gharika nilikuwa nayo mkononi tangu mapema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa na kitu kizuri bila kukitumia. Nilingoja. Nguvu zikafika kumi, uwanja wake umejaa, wangu mtupu, nami sina la kupoteza. Nikaiachia.

Maji yalipita yakafagia wote. Yeye alibaki na mkono mtupu, kadi zake zote alikuwa amezimwaga kwa hasira. Akavuta kadi, haikumfaa; nami zamu iliyofuata nikaweka kikaragosi kimoja cha bure. Zamu yake akavuta nyingine, nayo haikumfaa. Zamu yangu ikarudi, na uhai uliomsalia ulikuwa kiasi kile kile cha mkuki wa kikaragosi changu.

Nilisita. Nilitaka kushindwa, siyo kushinda. Lakini kujiachia makusudi niliona ni kumdanganya mwalimu. Nikabonyeza Samahani. Nikaona haitoshi, nikabonyeza tena. Nikabonyeza mara ya tatu, ndipo nikampiga. Ngome yake ilipoanguka nikabonyeza Hongera, kwa vile kwa kweli alikuwa amecheza vizuri sana.

Nikaegemea kiti nikisubiri neno lake. Lilikuja kwenye ubao wa darasa, mahali ambapo mwenye chumba peke yake ndiye anayeandika.

"Mgeni Njoo. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, wapole na watundu, na hakuna aliyewahi kunitukana ndani ya darasa langu kama wewe leo. Toka."

Mlango ukafungwa. Nilipobisha tena hodi mchezo ukaniambia sitakiwi.

Betri alirudi akifuta mikono, amefurahi, ile simu ya kwenye ndoo ilikuwa imewaka. Akanikuta nimeduwaa. Nikampa asome. Akasoma, akavuta kiti.

"Ulimsalimia mara ngapi?"

"Kila zamu."

"Kila zamu?"

"Na asante aliponipiga. Na samahani nilipompiga."

Betri aliweka mikono miwili kichwani. Akanieleza polepole, kama daktari mwenye habari mbaya. Katika Ngome salamu ni moja tu, ya mwanzo. Ya pili maana yake ni fanya haraka, unanichosha. Ya tatu ni tusi. Asante unapopigwa ni kumwambia mwenzako kwamba mkono wake hauumi. Na Samahani kabla ya pigo la mwisho, hiyo watu wamegombana nayo mpaka wakaacha kuzungumza. Ni kumcheka mtu ukiwa umeshamweka kisu shingoni.

"Na Hongera baada ya kumwangusha?" nikauliza.

"Hiyo usiniulize."

Nilitaka kulia, na nitasema kweli, kidogo nililia. Adabu yote niliyofunzwa na mama yangu nilikuwa nimeimwaga juu ya kichwa cha mama mkwe, na kila tone lilimfikia likiwa matusi.

Betri aliniambia jambo moja la maana siku hiyo na mimi sikulifanya. Aliniambia niufute mchezo kwenye simu kabla sijavuka kizingiti cha yule mama. Nikamwambia sawa. Alipogeuka nikazima mlio tu. Ukifuta, Betri mwenyewe aliwahi kuniambia, mgeni ambaye hajafunga akaunti yake kwa namba ya siri anapoteza kila alichonacho. Nisingekuwa tena na cha kumwonyesha mama mkwe siku akipoa. Na Gharika, nakiri, nilikuwa nimeipenda.

Alasiri nikafika.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake kikubwa, mguu wenye plasta juu ya kigoda na mto chini yake. Kifuani ilining'inia miwani kwa kamba. Niliisaga mwenyewe miwani ile mwaka jana, lenzi kwa lenzi, na siku nilipomvalisha alisoma maandishi madogo ya chini kabisa kwenye kopo la dawa akaniita fundi kweli. Pembeni yake alikaa mjomba wa mke wangu, aliyeletwa awe shahidi. Kazi ya mjomba kwenye vikao ni kukohoa mahali panapofaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nusura nirudie. Niliuma ulimi nikakaa.

Mke wangu aliingia na chai. Alikuwa amesuka upya. Alinipa kikombe kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni, na mimi nikaona afadhali angenimwagia. Vikombe vilipotoka kwenye sinia, sinia lenyewe akaliweka kwenye meza ndogo karibu na kiti chake. Nyumba ile ina sheria ya kishule: kikao kikianza, simu zote juu ya sinia. Mjomba akaweka yake. Mke wangu akaweka yake. Nikaweka yangu, kioo kikiangalia chini, nikajipongeza kwa kuzima mlio. Simu ya mama mkwe ilibaki mkononi mwake. Sheria haimhusu mwalimu mkuu.

"Mniwie radhi leo nikiwa mkali," akaanza. "Kuna mtu kanitukana asubuhi."

Mjomba akauliza ni nani huyo asiye na mama.

Akawaeleza. Alieleza vizuri kuliko nilivyowaeleza ninyi. Salamu baada ya salamu, asante za kejeli, zile samahani tatu alizozihesabu kwa vidole. Mjomba akasonya. Mimi nilikunywa chai ambayo ilikuwa bado haijapoa, nikaimeza hivyo hivyo mpaka machozi yakanilenga.

"Labda hakujua, mama," mke wangu akasema.

"Hakujua nini? Samahani mara tatu, akaniua, halafu hongera." Mama mkwe alitikisa kichwa. "Mtu wa hivyo hatukani kwa bahati mbaya. Ndivyo alivyo. Angekuwa mkwe wangu, mwanangu asingerudi kwake hata kuchukua viatu."

Mjomba akakohoa. Nikajua kikao kimeanza.

Mama mkwe alinigeukia akaniuliza kwa nini nilipokea simu isiyokuwa yangu. Nikaanza, nilidhani. Akanikata hapo hapo, akasema hakuuliza nilidhani nini. Nikahisi joto likinipanda masikioni, joto lile lile linalonifanya niseme maneno kabla hayajaiva. Nilikuwa na majibu manne tayari, yote mazuri. Nikakumbuka mkono wangu wa asubuhi na ile kadi iliyokaa bila kutumika. Nikayaacha matatu.

"Nilimjibia," nikasema. "Halikuwa langu kujibu."

Mama mkwe aliniangalia kama anayesahihisha daftari akakuta jibu ambalo hakulitegemea. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe unataka nini?"

Mke wangu hakujibu upesi. Ndivyo alivyo, neno lake linatoka likiwa limepigwa pasi. Miaka yote ya ndoa yetu ukimya ule nilikuwa naujaza mimi. Akiulizwa na mgeni anakunywa nini, najibu mimi. Akiulizwa na daktari anaumwa wapi, naonyesha mimi. Pale pale nilikuwa najua anachotaka kusema, au nilidhani najua. Kinywa changu kilifunguka. Nikakifunga. Nikashika magoti yangu kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye gari lisilo na breki.

"Nataka kujua," mke wangu akasema hatimaye, "kama anaweza kunyamaza mpaka nimalize."

Kisha akaanza. Alisema mengi, na mengine sitayaandika gazetini. Alisema siku ile alipotoka kuoga aliniona nina furaha, na furaha ile ndiyo iliyomuumiza kuliko jibu lenyewe. Alisema amekuwa akijiuliza kama mimi nina mke au nina mtu wa kumsemea. Alinyamaza katikati mara kadhaa, vituo virefu, na kila kituo nilikiona kama mlango uko wazi unaniita niingie. Sikuingia. Mjomba mwenyewe alishindwa, alikohoa mahali pasipofaa, akatazamwa na dada yake akajikunja.

Halafu mke wangu akasema jambo ambalo sikulijua. Aliyepewa ile nafasi ya ukuu wa kitengo amekataa. Bosi amemtumia ujumbe kwamba Jumatatu atampigia tena.

Niliruka moyoni. Nilitaka kusema hongera, nilitaka kusema kubali, nilitaka kusema nitakupeleka mwenyewe kwa mgongo. Nikabaki nimeshika magoti.

"Nitapokea mwenyewe," akasema, akinitazama.

Nikaitika kwa kichwa. Hilo tu.

Niliona kitu kikilegea usoni mwake, kidogo, pale pembeni mwa mdomo. Wanaume wenzangu mnakijua kitu hicho. Sikuwa nimekiona tangu siku ya bafu, na kilinifanya nipumue mpaka tumboni.

Mama mkwe naye alikiona. Hakuna kinachompita.

"Mkwe wangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo siku hiyo. "Mimi nakujua. Wewe ulikuwa mtu wa kumaliza sentensi ya padri na ya shehe. Nani kakufundisha kunyamaza?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa lile tabasamu nililolipanga asubuhi. Ni wewe, mama. Neno lilikuwa limekaa mdomoni, tamu. Lakini Mgeni Njoo sasa alikuwa mtu asiyeruhusiwa hata kuchukua viatu. Nikasema nimefundishwa na upweke. Haukuwa uongo kamili, lakini mke wangu alininyanyulia jicho. Ananijua ninavyosema kweli na ananijua ninavyoikwepa.

"Hata upweke una faida," akasema mama mkwe. Akamtazama mjomba, akamtazama mwanawe, akavuta pumzi kama aliye tayari kusoma matokeo. Halafu akaiachia.

"Hapana. Bado nina kinyongo. Shuleni kwangu sikuwahi kutoa uamuzi nikiwa nimemkasirikia mtu, hata kama mtu mwenyewe yuko nje ya chumba. Hasira huwa inamwangukia aliye karibu. Ngoja nimalizane na yule mshenzi kwanza, nimpige nitulie, kisha nitasema neno langu kwa moyo mweupe."

"Yule wa asubuhi?" mjomba akauliza. "Utampata wapi?"

"Jina lake ninalo. Namwita uwanjani. Akiwa mwanaume atakuja."

Akainua simu yake, akaisogeza mbali na macho, akabonyeza.

Mlio nilikuwa nimeuzima. Mtetemo sikuuzima. Na sinia lile lilikuwa la bati.

Simu yangu ilianza kutetemeka juu yake, na sinia lote likaimba, kijiko kilichosahaulika pembeni kikarukaruka, simu ya mjomba ikasogea yenyewe kuelekea ukingoni. Nilinyanyuka nusu. Mguu wangu ukagonga meza ya chai.

Mke wangu alikuwa karibu na sinia kuliko mimi. Aliiokota simu yangu, akaigeuza. Niliona mwanga wake usoni mwake. Nilimwona akisoma, kisha akisoma tena. Nilijua kilichoandikwa, kwa kuwa mchezo ule husema kwa lugha ya wazi: Kengele ya Mwisho anamwita Mgeni Njoo uwanjani. Chini yake vitufe viwili, kijani cha kukubali na chekundu cha kukataa, na uzi mwembamba unaoungua mpaka muda uishe.

"Simu ya nani hiyo?" mama mkwe akauliza.

"Si yangu," akasema mjomba, upesi.

Mama mkwe alishika ile miwani kifuani akaanza kuivaa, sikio moja, kisha la pili. Niliisaga mimi. Kwa miwani ile anaona mpaka maandishi ya kwenye kopo.

Mke wangu hakumjibu mama yake. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku aliyotoka kuoga na taulo kichwani. Kidole chake kilisimama juu ya vile vitufe viwili.

"Unaitwa," akaniambia taratibu. "Nikujibie?"